Kesi yangu haina tarehe, kadi yangu inayo

Siku zangu za kufanya kazi ziliisha Jumapili, tarehe 10 Aprili 2022. Kadi yangu ya kibali cha kazi ilikuwa imekwisha muda tangu 12 Oktoba 2021, ila kwa kuwa niliomba nyingine kabla haijaisha, sheria ilinipa siku 180 zaidi nikisubiri. Siku hizo ndizo zilizokatika Jumapili ile. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeshavaa sare, naweka chakula cha mchana cha wanangu kwenye mikebe, simu ikalia. Alikuwa mama wa ofisi ya wafanyakazi wa nyumba ya wazee nilipokuwa nikifanya kazi. Alisema pole mara tatu. Akaniambia hawezi kunipanga kwenye zamu hadi nilete kadi mpya.

Sikumlaumu, na leo bado simlaumu kwa siku ile. Sheria ya Marekani inamkataza mwajiri kumweka mtu kazini huku akijua kwamba mtu huyo hana kibali. Nilivua sare, nikaikunja, nikakaa kitandani. Kilichoniuma ni kujua kwamba ningeweza kuizuia Jumatatu ile miezi mingi kabla.

Mimi ni mtu wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Naishi Portland, jimbo la Maine, pembe ya kaskazini mashariki ya Marekani, mahali ambapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waangola tumekuwa wengi kiasi kwamba sombe na unga wa bugali havikosekani dukani. Nilifika Julai 2016 na watoto wawili, kwa viza ya matembezi. Aprili 2017 niliwasilisha ombi la hifadhi, ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia, kama sheria inavyotaka. Wakati huo watu waliniambia nitaitwa kuhojiwa baada ya miaka miwili hivi. Kisha mwishoni mwa Januari 2018 ofisi ya uhamiaji ikabadilisha utaratibu, ikaanza kuwahoji kwanza walioomba karibuni. Ilieleza kwamba inataka kuwavunja moyo wanaoomba hifadhi kwa ajili tu ya kibali cha kazi. Sisi tuliokuwa tumesogea mbele ya foleni tukajikuta mkiani. Naandika haya mwaka 2026, na barua ya kuniita haijafika.

Kwa hiyo maisha yangu yote hapa yamesimama juu ya kitu kimoja, ile kadi ya kazi. Nyumba, leseni ya gari (ilikuwa na tarehe ileile ya kadi, jambo nililoligundua nikiwa tayari kwenye foleni ya leseni), cheti changu cha msaidizi wa wauguzi, pesa ninazomtumia mama. Kesi inaweza kulala miaka kumi bila mtu kuniuliza. Kadi hailali, ina siku yake. Na katika miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kunikumbusha siku hiyo: si serikali, si mwajiri, si wakili aliyenijazia ombi la kwanza kisha akahamia mji mwingine.

Kadi ya kwanza ilinipa picha ya uongo. Anayeomba hifadhi haruhusiwi kuomba kibali siku ileile. Husubiri siku 150 tangu ombi la hifadhi lipokelewe, ndipo anatuma fomu I-765, ile ya kuomba kibali cha kazi, na kadi haitolewi kabla siku 180 hazijatimia. Mawakili wanaziita siku hizo "saa". Yangu ilikwenda bila kusimama. Septemba 2017 nilituma fomu, Oktoba kadi ikawa mkononi, ya miaka miwili, imeandikwa C08, alama ya mtu ambaye ombi lake la hifadhi linasubiri. Mwaka 2019 niliomba ya pili, ikaja ndani ya wiki sita. Nikajiambia basi, hivi ndivyo ilivyo. Wiki sita.

Ilipofika 2021, sheria iliniruhusu kuomba kadi ya tatu kuanzia siku 180 kabla ya ile kuisha, yaani tangu katikati ya Aprili. Ada ilikuwa dola 410. Aprili hiyohiyo mama alihitaji upasuaji kule nyumbani, na dola 410 zikaenda Bukavu. Sijuti kuzituma. Ninachojutia ni kwamba sikumwambia mtu. Kanisani kwetu kuna akina mama wanaochangiana kila mwezi, wangenipa zamu yangu mapema kama ningefungua mdomo. Na ipo fomu ya kuomba kusamehewa ada kwa mwenye kipato kidogo, I-912, ambayo nilikuja kuijua mwaka uliofuata. Nikangoja. Nilituma mwisho wa Agosti, nikihesabu wiki sita zangu za 2019.

Sikujua kwamba foleni ilikuwa imefurika baada ya miezi ya korona. Mwenzangu wa kazini, Mrundi, alituma Aprili na kadi yake ikafika Februari. Yangu ilifika Septemba 2022.

Katikati hapo kulikuwa na ile karatasi. Baada ya kutuma fomu, ofisi ya uhamiaji hukutumia risiti inayoitwa I-797C. Haina picha, inaonekana kama barua ya kawaida ya posta. Watu wengi huitupa pamoja na matangazo ya pizza. Lakini kwa mtu wa C08, risiti ile iliyotoka kabla kadi haijaisha, ikiwekwa pamoja na kadi iliyokwisha, ndiyo iliyokuwa kibali chenyewe kwa siku 180. Oktoba 2021 nilipoipeleka ofisini, yule mama aliigeuza pande zote mbili akaniuliza kadi iko wapi. Nilimwonyesha alama ya C08 kwenye kadi na alama ileile kwenye risiti, nikamfungulia ukurasa wa ofisi ya uhamiaji kwa simu yangu. Alipiga simu mbili, akakubali. Nikatoka nimeshika kichwa juu. Kumbe nilikuwa nimeshinda nusu tu, sikuandika mahali popote kwamba siku 180 zitaishia 10 Aprili.

Wiki nne zilizofuata ile simu sitazisahau. Kodi ya Mei nililipa nusu. Mwanangu mkubwa, wakati huo ana miaka 15, aliniambia, "Mama, mimi nitatafuta kazi ya jioni," nami nikamkatalia kwa ukali ambao hakuustahili. Watu walinishauri nifanye kazi za mkononi za kulipwa taslimu, kusafisha nyumba, kulea watoto wa watu. Nawaelewa waliofanya hivyo, tumbo halisomi fomu. Mimi niliogopa siku nitakayokaa mbele ya afisa nimeapa kusema kweli, akaniuliza niliishije Aprili 2022. Nikaishi kwa mchango wa kanisa na magunia mawili ya maharagwe ya jirani.

Habari ilikuja kwa simu ya mtu mwingine. Tarehe 3 Mei, Mrundi yule alinitumia ujumbe wa sauti, anahema kama amekimbia: serikali imetangaza kuanzia kesho siku 180 zinakuwa 540, hata kwa ambao zimeshakwisha, ilimradi maombi yao bado yanasubiri. Niliusikiliza mara nne. Kisha sikuuamini, maana ujumbe wa namna hiyo tumeupokea sana, na nusu yake ni uvumi. Nilikwenda maktaba ya mjini, nikachapisha tangazo lenyewe, nikahesabu kwa kidole kwenye kalenda. Siku 540 tangu 12 Oktoba 2021 zilinifikisha 5 Aprili 2023.

Na bado ofisi ya kazini ilinikatalia. Safari hii walikosea. Walitaka kadi mpya na si kitu kingine, na sheria haimruhusu mwajiri kuchagua karatasi anayoipenda kama uliyoleta inatosha. Wakili wa shirika la msaada wa kisheria alinifundisha jambo ambalo natamani kila Mswahili wa hapa alijue: Wizara ya Sheria ya Marekani ina kitengo kinachoshughulikia waajiri wanaowabagua wafanyakazi kwa sababu ya uraia au karatasi za uhamiaji, kina simu ya bure kwa wafanyakazi, na unaweza kuomba mkalimani. Sikuhitaji kufika huko. Nilirudi ofisini na tangazo, kadi, risiti, na karatasi moja niliyoandika hesabu ya siku kwa mkono, nikamwambia yule mama kwa upole kwamba naijua namba ya kitengo hicho. Jumatatu tarehe 9 Mei nilikuwa kazini. Bibi mmoja wa chumba cha mwisho, mwenye miaka zaidi ya 90, aliyekuwa akinisahau jina kila siku, alinishika mkono akasema, "Umechelewa leo." Nikamwambia ndiyo, nimechelewa.

Tangu wakati ule nimekuwa mtu wa tarehe. Mimi si wakili na simjazii mtu fomu ya hifadhi, kwa sababu neno moja lililokaa vibaya pale linaweza kumrudisha mtu kwenye kifo. Lakini nakalimani, na watu huja jikoni kwangu na bahasha zao.

Wengi nilianza kukutana nao Juni 2019, familia zilipowasili kutoka mpaka wa Texas kwa mabasi, Wakongo na Waangola mamia kwa mamia, baada ya kupita kwa miguu misitu ya Darién, kati ya Kolombia na Panama, na mji wa Portland ukawafungulia ukumbi wa mpira wa kikapu uitwao Expo wapate pa kulala. Nilikuwa nikienda jioni baada ya zamu, kukalimani Kiswahili na Kifaransa. Nilichokiona pale kiliniogopesha zaidi ya kadi yangu. Baba mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba yeye ameshaomba hifadhi, kwani alihojiwa mpakani siku mbili mfululizo. Alikuwa akihesabu siku zake 150 tangu mahojiano yale. Hakuwa ameomba. Mahojiano ya mpakani ni ya kupima hofu yake tu. Ombi lenyewe ni fomu I-589, na kwa mtu aliyekwisha kupelekwa mahakama ya uhamiaji fomu hiyo huwasilishwa hukohuko mahakamani. Saa yake haikuwa imeanza hata sekunde moja, na mwaka wake mmoja ulikuwa unayoyoma. Nimekutana na kosa hilohilo tena na tena, kwa watu wenye akili na elimu, wahandisi, walimu. Halitokani na ujinga. Wamehojiwa na maafisa wenye kompyuta, wameapishwa, wamepigwa picha, wamepewa karatasi, nani asingedhani hilo ndilo ombi?

Halafu kuna saa inayosimama. Wakati ule mahakama ya uhamiaji tuliyotegemea watu wa Maine ilikuwa Boston, safari ya basi ya saa mbili na zaidi. Kijana mmoja alifika mbele ya jaji bila wakili, akaomba muda wa kutafuta mmoja. Jaji akampa miezi kadhaa. Ni haki yake, na hakukosea kuitaka. Ila hakuna aliyemweleza kwamba ucheleweshaji ulioombwa na mwombaji mwenyewe unaisimamisha saa ya kibali. Alikuwa amebakiza wiki chache tu, akaja kugundua alipotuma I-765 ikarudishwa. Tangu hapo, mtu akiniambia ana tarehe ya mahakama, namwomba amuulize wakili, au jaji mwenyewe, kabla ya kuomba chochote: hili litaisimamisha saa yangu? Swali fupi, na majaji hulijibu.

Jambo la anwani linachosha kulirudia lakini nalirudia. Familia iliyotoka Expo ilihama mara tatu katika miezi minane. Kadi ya mama ilitumwa kwa anwani ya kwanza, haikumkuta, posta ikairudisha. Ofisi ya uhamiaji inataka kujulishwa ndani ya siku 10 tangu kuhama. Mahakama inataka ndani ya siku tano, kwa fomu yake nyingine, na hawa wawili hawaambiani. Ukijulisha mmoja hujamjulisha mwenzake. Na kama unalala kwa mtu, jina lako liwe kwenye sanduku la barua, hata kwa karatasi na gundi, kwa sababu mpeleka barua asiyeona jina anairudisha bahasha.

Waliofika mwishoni mwa 2020 walipata kubaya zaidi, wengi waliambiwa wasubiri siku 365 badala ya 150, mpaka mahakama ilipoifuta kanuni hiyo Februari 2022. Nawataja kwa sababu baadhi yao bado wanawafundisha wageni hesabu ile ya mwaka mzima. Kanuni hufa, maneno yake yakabaki yanatembea. Mtu akiniambia "mwenzangu alifanya hivi," namuuliza kwanza: lini?

Mimi mwenyewe, kadi yangu ya tatu ilipokaribia kuisha Septemba 2024, nilikuwa nimejifunza. Siku ya 180 iliangukia Jumapili, tarehe 24 Machi. Nikatuma kwa mtandao wiki ileile, nikalipa dola 410, na tarehe 1 Aprili ada ikapanda kuwa 470 kwa mtandao na 520 kwa karatasi. Kadi iliyokuja ni ya miaka mitano, kwa kuwa tangu mwisho wa Septemba 2023 ndivyo walivyokuwa wakitoa kwa watu wetu. Inaishia 2029. Nilipoifungua bahasha nilikaa chini sakafuni. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na mama akavuka kwenda Burundi na begi moja, nilikuwa na kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyomlipia chumba Bujumbura. Sijui ningemwambia nini kama simu yake ingenikuta katika Aprili ile ya 2022.

Ndiyo maana siwezi kuitazama kadi yangu ya miaka mitano nikatulia, maana anayekuja sasa hapati nilichopata. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 iliweka ada ya dola 550 kwa kadi ya kwanza ya mwomba hifadhi, ambayo awali ilikuwa bure, na dola 275 za kuhuisha juu ya ada ya kawaida, na ada hizo mpya hazisamehewi. Iliweka pia dola 100 kwa kuwasilisha ombi la hifadhi, na dola 100 nyingine kila mwaka ombi likiwa bado linasubiri. Tangu 30 Oktoba 2025, anayetuma ombi la kuhuisha haongezewi tena siku zozote: si 540, si 180. Kadi ikiisha kabla mpya haijafika, anasimama, hata kama alituma mapema kuliko wote. Na tangu 5 Desemba 2025 kadi mpya za watu wetu zimefupishwa kutoka miaka mitano hadi miezi 18. Serikali inasema inataka kuwachunguza watu mara nyingi zaidi. Mimi nimewaosha wazee wa nchi hii kwa miaka minane, nimewafunga vifungo, nimewashika mikono wakifa. Mtu anayetaka kunichunguza na aje, mlango uko wazi. Lakini kumtoa mfanyakazi zamuni kwa sababu ofisi imechelewa kusoma fomu aliyoituma kwa wakati ni dhuluma, na naiita kwa jina lake.

Wiki iliyopita alikuja binti mmoja wa Uvira, ana miaka 24, amepata kadi yake ya kwanza. Aliiweka mezani kama yai. Tangu 15 Januari 2026 hadi 14 Julai 2027. Nilimwambia apige picha pande zote mbili na aitume kwa mtu anayemwamini, kisha nikashusha kalenda. Tulihesabu kurudi nyuma pamoja, yeye akihesabu kwa Kifuliiru kwa sauti ndogo, mimi kwa Kiswahili, tukafika mahali pamoja: Ijumaa, 15 Januari 2027. Siku hiyo asubuhi, kabla ya chai, anatuma.

"Na kadi ikichelewa, mama?" akaniuliza. "Zile siku za katikati?"

Nikamweleza kwamba kwake yeye hazipo tena. Alinyamaza, akanywa chai yake yote. Nikatoa bahasha kwenye droo, nikamwomba aandike juu yake "Kodi ya Julai na Agosti 2027." Akaandika kwa herufi kubwa. Akafungua pochi, akatia dola 20, akaniuliza kama anaweza kuiacha bahasha hiyo hapa kwangu, kwa sababu chumba anacholala wako wanne.